Mradi wa Frere Town: sasa nimeingia kwenye koo za watu wake

Ramani ya mtaa imekaa sawa. Kanisa la Emmanuel limo, mnara wa kengele pale Kengeleni umo, na makaburi ya zamani pia. Mwezi huu nimeanza kazi niliyoitamani tangu mwanzo: kujua nani alitoka wapi.

Kwa wageni wa mradi huu: Frere Town iko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, waliianzisha mwaka 1875 iwe makao ya watu waliokombolewa na manowari za Waingereza kwenye majahazi ya watumwa. Jina ni la Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja kumbana Sultani Barghash afunge soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873. Kengele iliwekwa ili watu wapate kujihami wavamizi wakija. Leo wengi wanaoshuka matatu pale hawaijui habari hiyo, na mimi inaniuma.

Wazee wa mwanzo hawakuwa kundi moja. Wapo waliokombolewa wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakalelewa na misheni kule Nashik, kisha wakarudi pwani wakijua kusoma na kazi za mikono. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler. Halafu wapo walioteremshwa melini moja kwa moja, wakiwemo Wayao na Wamakua, hata hawajasahau vijiji vyao. Kwa maoni yangu, huwezi kuuelewa mtaa huu ukiwachanganya.

Juzi nyanya mmoja alinifungulia sanduku la bati, akatoa cheti cha ubatizo cha babu yake. Kimekunjwa mara nne, kwenye mikunjo wino umefifia. Jina ni la Kizungu.

"Nyanya, nyumbani alikuwa akiitwa hivi?"

"La, mjukuu wangu. Hilo la kanisani. La kwao tulilitaja tukiwa ndani."

Akanitajia. Nimeyaandika yote mawili kwenye mstari mmoja, na daftari zima nalipanga upya hivyo: jina la ubatizo, jina la kwao, kabila, na aliyenisimulia.

Baada ya hapo nageukia usafiri. Daraja la kuelea la Nyali, la kutoka kisiwani kuja upande huu, lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la sasa ni la 1980. Natafuta picha za familia zilizopigwa pale kabla ya 1980. Nitazinakili hapo hapo mbele ya mwenyewe, zisitoke nyumbani kwake.