Mdahalo wa mbu na mwani

Mimi ni mtafiti wa mbu. Mara ya kwanza kuitwa kwenye mdahalo wa shule huku Bagamoyo nilishindwa vibaya, na nilistahili. Mada ilikuwa: fedha za utafiti zikimtosha mtu mmoja tu, apewe wa mbu au wa mwani? Wapiga kura ni wanafunzi wenyewe, kidato cha pili na cha tatu.

Nilianza na mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo la mbu kule India. Nikaingia kwenye grafu. Dakika ya sita vichwa vilikuwa vimelala juu ya madawati.

Mwenzangu wa mwani akasimama na kipande cha kamba chenye mwani mbichi, kinadondosha maji ya chumvi sakafuni. "Nani mama yake analima?" Mikono ikajaa, maana wengi wanatoka Mlingotini, kijiji cha wakulima wa mwani. Akawaeleza kwa nini kotonii, ule wenye bei nzuri, hufa bahari ikipata joto, wakati spinosamu wa bei ya chini unahimili zaidi. Hasara waliyoisikia ikilalamikiwa nyumbani ikapata sababu. Kura karibu zote zikaenda kwake.

Safari ya pili niliacha kompyuta nyumbani. Asubuhi nilichota kwa upawa kwenye madimbwi yaliyoachwa na matairi ya magari kando ya uwanja wao, kisha kwenye shimo la maji machafu nyuma ya vyoo. Viluwiluwi vya mbu nikaviweka kwenye bakuli mbili nyeupe, zikapita dawati kwa dawati. Niliuliza swali moja tu: vinakaaje majini?

Kimya. Pua zimekaribia kugusa maji. Kisha kijana mmoja akasema, "Hivi vimelala bapa. Hivi vinaning'inia kichwa chini."

Ndipo nikapata pa kuanzia. Kiluwiluwi cha anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hakina mrija wa kupumulia mkiani, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji. Cha kuleksi, mbu wa aina nyingine, kinao, ndiyo maana kinaning'inia. Wakagundua wenyewe kwamba mbu wa malaria wametoka kwenye dimbwi la uwanjani, maji maangavu yenye jua, wala si kwenye shimo linalonuka.

Binti mmoja akasimama. "Samahani mwalimu, sisi tunalala kwenye chandarua tangu wadogo. Mbona bado tunaugua?"

Swali hilo nilikuwa nikiliogopa. Nikamjibu lilivyo: mbu wengi wamejenga usugu dhidi ya dawa ya vyandarua, na wengine huuma mapema jioni watu wakiwa bado nje. Chandarua kinaokoa maisha, alale nacho kila usiku, ila peke yake hakitoshi. Mwenzangu akadaka hapohapo: "Miaka zaidi ya 100 tangu Ross, na bado mnaomba fedha!" Tulikuwa tumekubaliana tusioneane huruma, kwa sababu watoto hutambua haraka mabishano ya kuigiza. Nikamjibu kwamba mbu naye habaki alivyokuwa. Tukipata silaha, naye anabadilika.

Nilishindwa tena, safari hii kwa kura nne. Nikikusanya vyombo, wanafunzi watatu wakaja kuniomba upawa. Walitaka kupima madimbwi ya njia ya kwenda kwao kabla jua halijazama. Nikawapa na bakuli moja.