Mwezi wa tatu klabuni kwetu ni mizizi tu

Wadau habari zenu. Kwa wale wanaolalamika kwamba wikiendi hizi wakinipigia sipokei, sababu ni moja tu, mwezi wa tatu umeingia na klabu yetu ya bonsai huku majuu (ile miti inayokuzwa midogo kwenye vyungu) iko bize kuliko wakati wowote wa mwaka, mikono imejaa udongo toka asubuhi, simu iko kwenye koti na koti limetundikwa huko mlangoni. Najua wengi mkisikia bonsai mnamuona mzee wa Kijapani katulia na kamkasi anakata jani moja kwa lisaa lizima. Njoo siku ya kubadilisha udongo uone. Watu wazima na maaproni yao, misumeno, ndoo, maji yamemwagika sakafuni, huyu anaita njoo unishikie mti, yule anauliza nani kachukua koleo langu, yaani ni gereji kabisa.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana hili swali naulizwa kila mara. Bonsai sio aina ya mti, hakuna mbegu ya bonsai, hao wanaouza mbegu za bonsai mtandaoni wanakuuzia mbegu za mti wa kawaida kwenye paketi nzuri. Ni msonobari ule ule, elmu ile ile, juniperi ile ile, ukiutoa kwenye chungu ukaupanda ardhini utarefuka kama wenzake. Kinachoufanya uwe mdogo ni chungu chenye kina kifupi, mkasi, waya, na mtu asiyechoka kuurudia rudia miaka nenda rudi. Na wanaosema eti tunautesa mti, mti unaoteswa haukai miaka mia, hii miti inamwagiliwa na kulishwa vizuri kuliko mingi iliyoko msituni.

Sasa kilichonifanya niandike leo ni haya majira yenyewe. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunajua masika, vuli, kiangazi, kipupwe, lakini hii habari ya mti kulala miezi kadhaa mpaka unaonekana umekufa kabisa halafu siku moja unaamka, hiyo hatuna mwilini, inabidi tufundishwe. Mgeni wa kutoka nchi za joto akipewa mti wa mepo (ule wa jani lenye umbo la kiganja, upo hata kwenye bendera ya Kanada) huruma inamshika, winta ikianza anauingiza ndani karibu na hita, anaona kauokoa. Kumbe ndo anaumaliza. Miti ya nchi za baridi inahitaji baridi yenyewe, wiki nyingi mfululizo chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi, ndani yake kuna kama saa inayohesabu zile siku za baridi, zisipotimia mti hauchipui vizuri, unadhoofika, na mwaka wa pili au wa tatu unaondoka. Kwa hiyo winta nzima miti yetu inakaa nje au kwenye banda lisilo na hita, vyungu vimefukiwa kwenye magome yaliyosagwa, maana mizizi haivumilii baridi kama matawi. Ardhini mizizi inalindwa na udongo mwingi, kwenye chungu cha kina cha vidole vinne nani atailinda?

Halafu ikifika mwisho wa winta ndo kuna hatari ambayo watu hawaitegemei, nayo ni kiu. Jua limeanza kuwa kali kidogo, upepo unapuliza, majani ya misonobari na juniperi yanapoteza maji, lakini udongo chini bado umeganda, mizizi haiwezi kuvuta kitu. Mti unakauka umezungukwa na barafu! Ndo maana wazee wa klabu wakishaanza kusikia jua la mwezi wa pili mgongoni wanaenda kuchungulia vyungu, wanasogeza miti kivulini na mbali na upepo, na siku udongo ukiyeyuka wanamwagilia asubuhi ili maji ya ziada yashuke kabla ya usiku.

Klabuni kuna mzee mmoja ndo kama mwalimu wetu wa mambo ya mizizi, mstaafu, maneno machache. Ukimwambia mzee leo tarehe fulani si tuanze kubadilisha udongo, anakuuliza tu, "Tumba zinasemaje?" Basi. Unarudi kwenye mti unaangalia. Winta tumba, yaani vile vichipukizi vilivyofungika kwenye matawi, ni ndogo, kavu, zimebana. Majira ya kuchipua yakikaribia zinavimba, zinakuwa na mng'ao, rangi inabadilika, na kwenye ncha unaona kijani kama cha kuchungulia. Hapo hapo ndo wakati wako. Na sababu yake ukielezwa inaingia akilini, ni kwamba mti unaopukutisha majani umehifadhi chakula chake kwenye shina na mizizi, majani bado hayajafunguka kwa hiyo haudai maji mengi, ukikata mizizi sasa hivi mti una nguvu ya kuotesha mingine kabla mahitaji hayajapanda. Ukichelewa majani yakafunguka, yanataka maji leo leo na mabomba umeshayakata. Ukiwahi sana nako mizizi iliyokatwa inakaa kwenye udongo wa baridi bila kufanya kitu, inaoza au inaganda. Kwa hiyo mwaka mmoja tunaanza mapema, mwaka mwingine tunasubiri, na hata kwenye meza moja mepo ziko tayari wakati elmu bado zinakoroma.

Siku yenyewe ya kazi tunaifanya pamoja, na mi naona hii ndo siku yenye thamani kuliko mikutano yote ya mwaka. Kila mtu anakuja na miti yake miwili mitatu, klabu inakuwa imeagiza udongo kwa jumla maana ukinunua mmoja mmoja unaumia. Na huo udongo usidhani ni udongo wa bustani, huo tuliusahau zamani, ukiwa kwenye chungu kifupi unashikana kama tope na hewa haipiti. Tunatumia chembe chembe, akadama ambayo ni udongo mgumu wa punje kutoka Japani, tunachanganya na pamisi (vile vijiwe vyepesi vya volkano) na mawe ya lava, kisha tunachekecha kuondoa vumbi, maana vumbi likishuka chini linaziba. Kazi ya kuchekecha wanapewa wageni hahaha, lakini ndo unapopiga stori na watu.

Unautoa mti kwenye chungu, kama mizizi imezunguka na kujifinyanga kwa umbo la chungu basi umeshachelewa kidogo, na dalili yake ilikuwepo, maji yalikuwa hayashuki haraka au mti umeinuka wenyewe. Unachukua ndoano unaichambua taratibu kuanzia kwenye shina kwenda nje, kama unavyofumua nywele zilizosukwa zamani, ukivuta kwa hasira unang'oa. Ile mizito inayoshuka chini moja kwa moja inakatwa, ile myembamba inayotandaa pembeni inatunzwa kama mboni ya jicho, kwa sababu tunataka juu ya udongo ionekane mizizi imesambaa pande zote imeushika mti, wenyewe wanaita nebari. Kwa mti wenye afya unaopukutisha majani, theluthi moja ya mizizi kwenda zake sio jambo la kutisha. Wavu unawekwa kwenye matundu ya chungu, waya unapita chini, mti unafungwa kwa waya usitikisike hata kidogo. Wengi wanadharau hili la kufunga. Mti ukicheza na upepo ile mizizi mipya myembamba inakatika kila siku na wewe unashangaa mbona hauendelei. Halafu unashindilia udongo kwa kijiti, unachoma choma mpaka hakuna pango lililobaki katikati ya mizizi, unamwagilia mpaka maji yanayotoka chini ni safi, basi.

Mepo changa zinafanyiwa hivi kila baada ya mwaka au miwili, mti mzima unaweza ukakaa miaka mitatu hadi mitano. Misonobari ni habari nyingine kabisa. Kule kwenye mizizi yake kuna kuvu weupe wanaoishi nao kwa kusaidiana, kwa hiyo hauoshwi mizizi yote ikabaki mitupu, unafanya nusu mwaka huu, nusu nyingine baada ya miaka kadhaa. Juniperi nazo hazipendi haraka, nguvu zake nyingi ziko kwenye majani, ukimnyoa majani na mizizi siku moja umemuonea. Kuna jamaa kila mwaka anakuja na juniperi yake anataka afanye vyote, apogoe, afunge waya, abadilishe udongo, kisa kapata nafasi. Kila mwaka mzee anamwambia chagua kimoja. Kila mwaka ananuna.

Na baada ya hapo ndo inaanza ile mnaita kubeba mtoto mgongoni. Mti uliokatwa mizizi hauwezi kulala nje usiku wa barafu, mizizi mipya ikiganda imekwisha. Kwa hiyo mwezi mzima na zaidi watu wanatoa miti asubuhi, wanairudisha bandani jioni, wanaangalia utabiri wa hali ya hewa kuliko wanavyoangalia mpira. Mbolea hakuna mpaka wiki nne hadi sita zipite na uone majani yameshika. Maji nayo kwa akili, kwa sababu mizizi ni michache na udongo ni mpya, ukiona juu kumeanza kukauka ndo unamwagilia, sio kwa ratiba. Waya wa mwaka jana nao ukaguliwe mapema maana mti ukianza kunenepa waya unazama kwenye gome na kovu lake linabaki miaka. Unakatwa vipande vipande, haufunuliwi kwa kuzungushwa, ukizungusha unaondoka na tumba zote.

Kwa upande wangu mi napenda zaidi miti ya joto, fikasi ambazo ni ndugu wa mkuyu, ukwaju, na lile waridi la jangwani lenye kitako kinene, na hapo sasa ndo mambo yanageuka, maana wazee wanaojua kila kitu kuhusu mepo wakifika kwenye ukwaju wananiuliza mimi. Hii miti mwezi wa tatu haiguswi. Wakati wenzake wanakatwa mizizi yenyewe iko dirishani inasubiri, itatoka nje usiku ukishakuwa juu ya nyuzi 10 kwa uhakika, na mizizi yake itashughulikiwa samaa katikati joto likiwa limekolea. Mwaka mmoja mzee aliangalia ukwaju unavyofunga majani yake jioni akanyamaza muda mrefu, halafu akasema huu mti una adabu.

Hilo limenifanya nifikirie kitu. Huku majuu kila sehemu mpya swali la kwanza ni unatokea wapi, unajibu, halafu mazungumzo yanafia hapo hapo. Klabuni swali la kwanza ni umeleta mti gani. La kutokea wapi linakuja baadaye sana, na likija linakuja na sababu, wanataka kujua huko miti gani ina majani madogo na gome zuri. Nimeona watu walioshindwa kuzoea huku miaka mingi wakapata marafiki kwa kushikiana mti usianguke.

Mikutano mingine ya mwezi ni ya kawaida, kuna mtu anakaribishwa kuonyesha kazi, anachukua kichaka cha nasari (pale wanapouza miche) ambacho hakuna aliyekitamani na baada ya masaa matatu umbo linaonekana, kuna bahati nasibu, kuna mnada wa vyungu na zana za waliostaafu. Na stori. Stori ambayo haiishi ni ya ule msonobari mweupe ulioko kwenye makumbusho ya bonsai Washington, unatunzwa toka 1625, ulikuwa Hiroshima siku ya bomu mwaka 1945 kama kilomita tatu tu kutoka lilipolipukia, ukuta wa bustani ukaukinga. Familia ya Yamaki ikautoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976 pamoja na miti mingine ya Wajapani, 53 kwa jumla, na hawakusema lolote kuhusu Hiroshima. Ilijulikana 2001 wajukuu walipokuja kuutazama. Kila mwaka anayesimulia anaongeza chumvi lakini haya niliyoyasema ndo yenyewe.

Sasa hivi macho yote ni maonyesho, kwa sababu Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano ni siku ya bonsai duniani na klabu nyingi zinafungua milango kwa watu wa nje. Kama uko huku na mjini kwako kuna klabu, usisubiri uwe na mti, nenda siku ya udongo mwezi huu huu, waambie hujui kitu, watakupa chekecheo. Vaa nguo chakavu na kata kucha kabla hujaenda, maana ile akadama ikiingia chini ya kucha ni wiki nzima.