Ateri ya kulia ya moyo

Leo mawazo yangu yako kwenye ateri ya kulia ya moyo. Tunapofundisha moyo, maneno mengi huishia upande wa kushoto, kwenye ateri inayoshuka mbele na ukuta mnene wa ventrikali, chumba cha chini cha moyo. Ya kulia tunaigusa tu, nayo ndiyo yenye mitego mingi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Huchomoza mwanzoni mwa aota, juu kidogo ya vali, ikapita kwenye mfereji kati ya atiria (chumba cha juu) na ventrikali ya kulia hadi nyuma. Njiani hulisha ventrikali ya kulia. Kwa watu kama 60 katika 100 hulisha nodi ya SA, inayoanzisha mapigo. Kwa takribani 80 hulisha nodi ya AV, inayopitisha umeme kwenda kwenye ventrikali, pamoja na ukuta wa chini, ule uliolalia kiwambo, msuli wa kupumulia.

Basi ateri hii ikiziba, kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo) sehemu ya ST hupanda kwenye lidi II, III na aVF, zinazoutazama ukuta wa chini, mapigo yanashuka hata 40 kwa dakika, na mgonjwa anatapika kwa sababu neva ya vagasi imechokozwa. Kizuizi cha umeme kwenye nodi ya AV hapa huwa na QRS (wimbi la ventrikali kwenye ECG) nyembamba, mara nyingi huitikia atropini, dawa ya kuongeza mapigo, na huisha ndani ya siku chache. Kizuizi cha shambulio la moyo la ukuta wa mbele ni jambo zito zaidi: nyuzi za umeme ndani ya septamu, ukuta unaotenga ventrikali mbili, zimeumia, QRS imetanuka, na atropini si ya kutegemea.

Linaloniuma ni nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, inayotolewa kwa mazoea. Ventrikali ya kulia iliyoumia huishi kwa damu inayorudi kutoka kwenye vena. Dawa hiyo inazitanua vena, damu inabaki huko, shinikizo linaporomoka. Kabla ya kuitoa, hamisha elektrodi ya V4 ya ECG upande wa kulia: nafasi ya tano kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. ST ikipanda milimita 1 au zaidi, ventrikali ya kulia imo kwenye shambulio. Tazama na shingo: vena zimejaa, shinikizo liko chini, mapafu hayana maji. Mgonjwa wa namna hii huhitaji maji ya chumvi, mililita 250 kisha umpime upya. Ukimjaza kupita kiasi, ventrikali ya kulia huvimba na kuisukuma septamu kushoto, nayo ya kushoto ikakosa nafasi ya kujaa.

Siku za baadaye nazo zina hatari yake. Misuli ya papilari hushikilia vali ya mitrali, iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kushoto. Ule wa nyuma kwa kawaida hulishwa na ateri moja tu, wakati wa mbele hupata damu kwa njia mbili. Ndiyo maana wa nyuma ndio hukatika zaidi, hasa kati ya siku ya 2 na ya 7: vali ya mitrali inaachia, mapafu yanajaa maji ghafla. Mngurumo wake unaweza kuwa hafifu au usisikike kabisa, kwa hiyo usiusubiri ndipo uagize ultrasaundi ya moyo.