Mwandishi wa Barua Hii Anakusalimu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Warumi 8:26, ila naomba nianzie mwishoni mwa waraka huohuo, sura ya 16 mstari wa 22, mahali ambapo wengi tunapita haraka kwa kuwa ni salamu tupu: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Mtu huyu hatajwi tena popote katika Biblia. Paulo alikuwa akisema, yeye akiandika. Kazi ilipokaribia kwisha akajipatia mstari mmoja wa kwake. Nampenda sana Tertio, kwa sababu kazi yake niliwahi kuifanya.

Mwaka 1986 nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu wilaya ya Mpwapwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe. Mziwanda wetu, wa miaka minne, alianza kulia usiku kila anapojigeuza. Kisha akaacha kukimbia. Ukimwangushia punje ya karanga aiokote, hainami. Anachuchumaa polepole, mgongo umenyooka kama mchi, na akiinuka anajikwea kwa mikono, magotini, mapajani, mpaka asimame. Bibi alimkanda kwa maji ya moto na majani. Kilipotokeza kinundu katikati ya mgongo, mama alimchukua wakapanda treni. Katika hospitali moja ya misheni, upande wa Manyoni, wakaambiwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kijijini watu walishangaa: kifua kikuu kinafanya nini mgongoni?

Dawa za siku hizo zilitaka mgonjwa alazwe miezi miwili ya kwanza, sindano kila siku, na vidonge avimeze muuguzi akimwangalia, ndipo arudi nyumbani kuendelea na vidonge. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba utaratibu huo wa kumeza dawa mbele ya mhudumu ulikomazwa hapa hapa Tanzania, katika mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza 1977, kisha nchi nyingine nyingi zikauiga. Mama hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba mtoto amelazwa chali na haruhusiwi kukalishwa, na miezi miwili ikawa minne.

Baba hakuweza kumfuata. Aliyelelewa Ugogoni hahitaji kuelezwa. Ilikuwa Januari, uwele na mtama vimefika magotini, magugu nayo hayangoji mtu, na ghalani mmebaki vumbi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Akiliacha shamba aende kuuguza, watoto wanne waliobaki watakula nini mwaka mzima? Akabaki na jembe lake. Mama akabaki na mtoto. Kati yao zikawa zinapita barua.

Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi usiku, baba aliketi kwenye kigoda karibu na koroboi. Mimi nilichana karatasi katikati ya daftari la hesabu, pale penye pini, ili itoke mbili kwa pamoja. Akianza kusema, sauti ilibadilika ikawa kama ya mwenyekiti wa kijiji kwenye mkutano. "Andika. Kwa mke wangu mpendwa. Salamu nyingi ziwe juu yako. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo wote, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yetu."

Nikaandika hatujambo. Nilijua kwamba mbuzi wawili wameuzwa. Nilijua anayenifuata ana homa siku ya tatu, na kwamba tunapika mara moja tu, jioni, kwa unga wa kukopa. "Andika shamba linaendelea vizuri." Ilikuwa Februari, mvua imekata kama kawaida yake ya mwezi huo, majani ya mtama yamejikunja kama sigara. Nilisimamisha kalamu nikamtazama. "Andika," akasema.

Chini kabisa, akishamaliza, niliongeza kwa herufi ndogo: Nami mwandishi wa barua hii nakusalimu sana mama. Katika karatasi nzima huo ndio mstari uliokuwa wangu, na niliukandamiza mpaka kalamu ikataka kutoboa upande wa pili. Bahasha tuliifunga kwa tonge dogo la ugali. Asubuhi naipeleka kwa mchungaji, au kwa yeyote anayekwenda kupanda treni.

Za mama alikuwa anaandika mwenyewe. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, na herufi zake zilikuwa kubwa, za mviringo, zinaegemeana. Mzee wa kanisa aliita majina ya wenye barua baada ya ibada, na mimi nilimsomea baba chini ya mbuyu, kabla hata hatujafika nyumbani. "Mgonjwa anaendelea vizuri. Anakula. Anawasalimu." Kila barua ni hivyo hivyo. Nilishakuwa mtu mzima niliposikia kwamba mwezi wa pili miguu ya mtoto ililegea, daktari akawa na wasiwasi kwamba hatatembea tena, na kwamba kitanda cha jirani mtoto alifariki usiku. Asubuhi yake mama aliomba kalamu akaandika: anaendelea vizuri.

Siwezi kuwaita wazazi wangu waongo. Kila mmoja alimkinga mwenzake kwa mwili wake, kama unavyomkinga mtoto na mvua ya mawe. Ila niliona kwa macho yangu kilichotokea. Mama, akisoma kwamba huku hatujambo na shamba ni zuri, alianza kufikiri kwamba hata asipokuwepo mambo yanakwenda. Baba naye, akisikia kila mara kwamba mtoto anaendelea vizuri, alianza kujiuliza: kama anaendelea vizuri, mbona hawarudi? Majirani hawakukosa maneno ya kumwongezea. Mwezi wa tatu ulipoingia, akitaja jina la mama sauti yake ilikuwa kavu, na mimi mtoto niliogopa ukavu ule kuliko njaa.

Usiku mmoja akaanza kama kawaida. Salamu nyingi ziwe juu yako. Sisi huku. Akakoma. Nilingoja. Koroboi lilikuwa linafuka moshi, wadogo zangu wamelala. Akanyoosha mkono akachukua kalamu mkononi mwangu. Baba aliacha kisomo mapema. Alijua herufi kubwa tu, tena si zote. Alipiga magoti, akaiweka karatasi juu ya kigoda, akaandika kwa muda mrefu sana, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Nilipochungulia niliona neno moja:

NAOGOPA

Akaikunja mwenyewe. "Kafunge," akasema. Barua ile sikuweka salamu zangu.

Ukisoma Wagalatia 6:11 utamkuta Paulo naye akichukua kalamu kutoka kwa mwandishi wake na kuwaambia watazame ukubwa wa herufi alizowaandikia kwa mkono wake mwenyewe. Wahubiri wengine husema macho yake yalikuwa mabovu. Huenda. Mimi nikifika hapo naiona karatasi juu ya kigoda.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Mama hakuweka salamu nyingi, wala hofu na mashaka. Nawaandikia ilivyo, maana karatasi ipo: "Baba watoto, na mimi naogopa. Miguu yake haina nguvu, sikukuambia. Usiku nalala chini ya kitanda nimemshika kidole cha mguu nisikie kama atakitikisa. Mwenzangu wa kitanda cha pili amezika. Niombee, nami nakuombea. Mbuzi wamebaki wangapi?"

Baba aliniambia nisome tena. Nikasoma. Nilipofika kwenye mbuzi alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, na sikujua kama anacheka au analia. Alikuwa anajua! Muda wote ule mama alikuwa anajua kwamba mbuzi wanauzwa. Tangu siku hiyo barua zilibadilika. Tulimwandikia idadi ya mbuzi, madebe ya mtama tuliyokopa na kwa nani, homa ya nani imepona. Yeye alituandikia vidole: leo kimoja kimetikisika, leo viwili. Na usiku baba alianza tena kuomba kwa sauti tukimsikia, jambo aliloliacha tangu Januari bila sisi kuthubutu kuuliza.

Sasa tusome somo letu. "Kadhalika Roho naye hutusaidia udhaifu wetu, kwa maana hatujui kuomba jinsi itupasavyo; lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Kumbukeni mkono ulioandika maneno haya ni wa Tertio. Mtu ambaye kazi yake ni kuandika kila kinachotamkwa anaambiwa andika kwamba kuna kisichoweza kutamkwa. Tazameni pia Kiswahili chetu kilivyotutendea wema hapa: kuugua ni kuwa mgonjwa, na kuugua ni kutoa ile sauti ya mtu aliyeelemewa. Mdogo wangu alikuwa akiugua wodini, mama akiugua chini ya kitanda, baba akiugua shambani, na juu ya wote nimeandika hatujambo kwa mwandiko mzuri wa darasa la sita. Roho hakusubiri tuandike vizuri. Alikuwa anaomba pale pale ambapo kalamu yangu ilisimama.

Yapo mafundisho yanayosema mwamini asikiri hofu, kwamba ukitamka "naogopa" umemfungulia adui mlango. Siyakubali, na nasema hivi kwa upendo kwa ndugu wanaoyafundisha. Paulo alipowaandikia Wafilipi habari za Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, hakusema anaendelea vizuri. Alisema kweli alikuwa mgonjwa kiasi cha kufa, lakini Mungu alimhurumia, na akakiri kwamba kumpoteza kungekuwa kwake huzuni juu ya huzuni. Huyo ndiye mtume anayetuambia tufurahi katika Bwana, tena katika waraka huohuo.

Naandika haya kwa sababu ya nyumba moja iliyo kati yetu hapa Dodoma. Mnaijua. Mama yupo Dar es Salaam na mtoto kwa matibabu ya moyo, wiki ya tisa sasa, na baba amebaki hapa na kazi na watoto wawili wa shule. Siku hizi hakuna kungoja siku kumi na mbili. Ujumbe unafika kabla hujaweka simu mfukoni. Alinionyesha simu yake. Jumatatu: anaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Na majibu yake: sisi huku salama. Nikamuuliza, na wewe mwenyewe unaendeleaje? Hakujibu, aliendelea kutazama kioo cha simu mpaka kikazima.

Tulichanga kwa ajili ya walioko Dar es Salaam, na tulifanya vyema sana. Hakuna aliyeuliza huku nani anapika, wala mimi sikuuliza, na hilo limenikosesha usingizi.

Mdogo wangu alitembea. Alishuka Gulwe mwezi wa tano ameshikwa mkono, na kibyongo kidogo alicho nacho mpaka leo. Ni fundi cherehani, na suti anazokata zinakaa mwilini. Baba ametangulia. Mama macho yamefifia, na mara nyingine ananiomba nimtolee ile karatasi iliyomo ndani ya Biblia nimsomee. Naanza: Kwa mke wangu mpendwa, salamu nyingi ziwe juu yako, sisi huku. Hapo ananishika mkono. "Hapo usisome," anasema, "hapo si pako," kisha anaipapasa karatasi kwa kidole mpaka aguse pale baba alipokandamiza.

Jumapili baada ya ibada nitapita kwa yule baba. Nina unga, na mlenda uliokaushwa vizuri kutoka nyumbani. Atakayependa tuongozane anikute mlangoni.