Bebi kea ya shilingi 80

Jumapili, Kisumu

Leo ndiyo siku kubwa ya soko Kibuye. Wauza mitumba, mboga na omena wameamka kukiwa bado giza, na wengi wana mtoto mgongoni, kwa sababu bebi kea ya mtaani kwao, yaani chumba cha kulelea watoto mchana, hufunga Jumapili. Siku yenye pesa ndiyo siku mlango una kufuli. Anayetafuta mahali pa kumwacha mtoto huuliza bei kwanza, na siku na saa za kufungua huziuliza mwisho. Afadhali angeanza na hizo.

Hesabu yenyewe ni hii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo. PP1, darasa la kwanza la chekechea, huanza mtoto akiwa na miaka 4. Katikati kuna miezi 45 ambayo si ya mwajiri wala si ya shule. Mama wa kibarua, anayefua nguo Milimani au anayekaanga samaki Kondele, hata hiyo miezi 3 hana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vituo vya kulea watoto mikononi mwa serikali za kaunti pamoja na chekechea. Chekechea imeonekana. Vituo vya watoto wachanga vimebaki kuwa vyumba vya watu: sebule ya mtu, chumba cha mabati kando ya kanisa, fremu ya duka isiyo na mteja.

Kwa hiyo ukiuliza "una leseni?" utajibiwa ndiyo, na ukutani kweli kuna karatasi. Kazi ni kujua karatasi ile inasema nini. Kibali cha biashara cha kaunti kinasema ada imelipwa kwa mwaka fulani; hakisemi kwamba kuna mtu aliyeinama kutazama sakafu. Soma tarehe ya mwisho, soma aina ya biashara iliyoandikwa, na uangalie kama mahali palipotajwa ndipo hapo uliposimama. Kibali cha "duka la rejareja" kinachoning'inia juu ya watoto 12 ni kibali cha duka. Cheti cha kikundi cha kujisaidia, kile chenye mhuri mzuri na fremu ya kioo, kinasema kuna wanachama waliojisajili kama kikundi, basi. Cheti cha ualimu wa chekechea ni kitu cha maana, lakini mafunzo yale huelekea zaidi kwa mtoto anayeongea na kushika kalamu, si yule wa miezi 5 anayekabwa na maziwa.

Karatasi zenye uzito ni zile ambazo wengi hawaziombi. Ya kwanza ni ya afisa wa afya ya umma, anayekagua choo, maji, hewa na mahali pa kupikia. Ya pili ni cheti cha afya cha anayepika, ambaye hupimwa upya kila miezi 6. Cha mwaka jana hakina kazi. Ya tatu ni cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na hapa usiishie kwa mwenye kituo. Muulize nani mwingine hulala au hushinda nyumba hiyo. Mume, kaka, mpangaji wa chumba cha nyuma: kibali hakiwahusu hao, lakini mtoto wako atakuwa nao mchana kutwa.

Kama unaona haya kuuliza, na wengi huona haya kwa sababu mama wa bebi kea ni jirani, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo. Huyo hupita nyumba hadi nyumba na anajua choo cha nani kimejaa na ni wapi watoto waliharisha mwezi uliopita. Dakika tano naye zina faida kuliko ukuta mzima wa fremu.

Sasa bei. Tuchukue mfano: watoto 12, kila mmoja shilingi 80 kwa siku. Zinaingia 960. Uji na chakula cha mchana, tuseme 25 kwa kila mtoto, ni 300. Maji mitungi 6 kwa shilingi 10, ni 60. Makaa 60. Kodi ya chumba cha 3,000 kwa mwezi, ukiigawa kwa siku 26, ni kama 115. Zinabaki 425. Wakigawana wawili, kila mmoja anapata 212 na senti kwa siku inayoanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa moja usiku. Weka bei iwe 50: zinaingia 600, zinatoka 535, zinabaki 65. Hakuna mtu anayelea watoto 12 kwa shilingi 65. Kwa hiyo kuna kitu kimepunguzwa, na vya kupunguza ni vitatu tu: chakula, maji au mikono. Mara nyingi ni mikono. Mama mmoja, watoto 12, na akienda chooni hawana mtu.

Kipimo changu ni rahisi. Moto ukiwaka, mtu mmoja anabeba wangapi mpaka nje? Mmoja mgongoni, mmoja kila mkono. Wasiotembea wakizidi watatu au wanne kwa mlezi mmoja, bei hata ikiwa nzuri, ondoka. Wanaotembea wanaweza kufika sita.

Usiende kutazama kituo saa nne asubuhi, wakati kumefagiliwa. Nenda saa saba mchana, bila miadi. Watoto wa rika tofauti hawalali wote kwa pamoja kama mizigo. Ukikuta wa miezi 4 na wa miaka 3 wamezama usingizini, na aliyeguswa hageuki, uliza waziwazi kuhusu sirapu ya mafua. Kuna walezi wanaoitumia kutuliza chumba, na si lazima wawe na roho mbaya. Ni ile hesabu ya mikono imewashinda. Lakini dawa inayomlaza mtoto mchanga inaweza kumpunguzia pumzi, na hilo halina mjadala. Mchanga alazwe chali, juu ya kitu kigumu kidogo, bila mto wala leso nzito usoni.

Tazama chini kuliko juu. Jiko la makaa likae nje. Ndani ya chumba chenye dirisha dogo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ndoo na beseni za maji ziwe na mfuniko, kwani mtoto anayetambaa huzama kwenye maji yasiyofika hata goti. Uliza mkojo wa poti humwagwa wapi. Mitaa ya Manyatta na Nyalenda kuna visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo, na kipindupindu si mgeni Kisumu, kwa hiyo swali la "maji ya kunywa mnayatoa wapi" lijibiwe kwa kuonyeshwa: mfereji au kioski, mtungi wenye mfuniko, chupa ya klorini au sufuria ya kuchemshia. Nyalenda ya chini, uliza pia maji ya mvua yalifika wapi masika ya mwisho. Alama hubaki ukutani.

Tazama kijiko. Uji wa mtoto ukae juu ya kijiko. Ukiteleza kama chai, unga umeokolewa. Na kikombe kilicho wazi ni bora kuliko chupa ya chuchu, ambayo kuisafisha mpaka ndani kunataka brashi, maji ya moto na muda, na mwenye watoto 12 hana hata kimoja kati ya hivyo. Anayenyonya bado anaweza kuachiwa maziwa aliyokamua mama. Kwa joto la Kisumu, bila friji, usiyahesabie zaidi ya saa 4. Baada ya hapo yamwagwe. Kituo kikiwa mbali na kazini, maziwa ya asubuhi hayafiki mchana, ndiyo maana bebi kea iliyo karibu na soko hushinda iliyo karibu na nyumbani kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Aliyeajiriwa ana haki nyingine ambayo wachache huidai: Sheria ya Afya ya 2017 inampa anayenyonyesha mapumziko yasiyozidi jumla ya saa 1 katika kila saa 8 za kazi.

Kituo kinachojua kazi yake kitakuomba kijitabu cha kliniki kabla ya pesa. Surua na rubella ni miezi 9 na 18. Huku ukanda wa ziwa kuna chanjo ya malaria tangu 2019, inayoanza mtoto akiwa na miezi 6, na dozi ya mwisho, ya umri wa miaka 2, ndiyo husahaulika, kwa kuwa mama amesharudi kazini na hakuna anayehesabu. Nimependa wazo la daftari moja la tarehe za chanjo za watoto wote mlangoni. Halina gharama. Neti ya kulala mchana nayo iwepo, na iwe nzima.

Kulipa kwa siku au kwa mwezi? Kama ni 100 kwa siku na 2,000 kwa mwezi, mpaka ni siku 20. Mwenye kibarua cha siku tatu au nne kwa wiki alipe kwa siku hata akishawishiwa vipi. Mwenye kazi ya kila siku alipe mwezi, ila waandikiane kwenye karatasi moja: saa za kufungua na kufunga, faini ya kuchelewa, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, nini hufanyika mtoto akiwa na homa, na pesa huenda wapi kituo kikifungwa. Aprili, Agosti na Desemba uliza tena idadi. Shule zikifungwa, ndugu wakubwa huletwa, na chumba cha 12 huwa cha 20 kwa bei ileile.

Siku tatu za kwanza zisiwe nzima. Muda wa saa moja mama akiwepo, kisha muda wa saa mbili bila yeye, kisha nusu siku. Kulia asubuhi ni kawaida. Mtoto anayeganda akimwona mlezi si kawaida. Peleka nepi nne, uhesabu zinazorudi. Zikirudi tatu safi baada ya kushinda huko muda wa saa kumi, hakunywa au hakubadilishwa. Alama za mwili zisizoelezeka zisisubiri mkutano wa wazazi: namba 116 ya watoto ni bure kupiga, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ipo kwa kazi hiyo.

Narudi kwa Kibuye. Wenye meza sita kwenye safu moja wanaweza kumlipa anti mmoja kila Jumapili, 150 kila mmoja, jumla 900, akae na watoto chini ya turubai palipo na kivuli, si kando ya barabara ya mikokoteni. Hapo hakuna kibali cha kusoma. Yanabaki maji, choo na mikono, na kwa sita wenye wawili wasiotembea, anti mmoja anatosha ikiwa hauzi kitu kingine pembeni.