Madaftari Yaliyorudi Chini ya Rundo

Kituo nilichokuwa nikifanyia kazi ya uuguzi miaka ile kilikuwa cha daraja la tatu, katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, si mbali na barabara inayoelekea Malaba, mji wa mpakani na Kenya, ambako madereva wa malori, wachuuzi wa mpakani na wakulima wa vijiji vya jirani hukaa benchi moja wakisubiri kuitwa. Wengine walisema Kiteso, wengine Kijapadhola au Kisamia, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyezimudu lugha zote hizo, shughuli nyingi ziliendeshwa kwa Kiswahili. Tangu serikali ilipofuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, watu ambao zamani wangebaki nyumbani na homa zao walikuwa wakija kutibiwa, jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa mema makubwa yaliyofanyiwa maskini wa Uganda. Msimu wa mvua, watoto wenye malaria walijaa hadi nje ya ukumbi.

Asubuhi moja ya msimu huo, mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi alishikwa na degedege mapajani mwa mama yake, hatua chache kutoka mlango wa tabibu. Tulimlaza ubavu, tukalituliza degedege, tukampa maji ya sukari ya mshipa na sindano ya kwanza ya artesuneti, dawa ya malaria kali, kisha akapelekwa hospitali, ambako alipona. Lakini wakati tunamhudumia, mama yake alisema maneno ambayo yalinikaa moyoni kuliko degedege lenyewe: “Sista, huyu ametobolewa kidole tangu mapema. Daftari lake liliingia kwa daktari, nami sijaitwa.”

Msomaji aliyewahi kutibiwa kwetu analijua daftari hilo. Ni daftari la kawaida la shule, ambalo mgonjwa hulinunua dukani na kuja nalo, na ndani yake huandikwa dalili, vipimo na dawa. Nililitafuta la mtoto yule nikalikuta chini kabisa ya rundo mezani kwa tabibu. Majibu yalikuwa yameandikwa kwa herufi za kusomeka vizuri: malaria ipo.

Mkuu wa kituo, mama mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akimgombeza mtu mbele ya wagonjwa, alituita sote jioni, kuanzia tabibu hadi askari wa getini na mfagizi. Kama ilivyo kawaida, mazungumzo yalianza na upungufu: tabibu ni mmoja, wagonjwa ni wengi, dawa huchelewa kuletwa. Yote yalikuwa kweli. Hata hivyo nilikumbuka somo la chuoni kuhusu Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut, ambaye mwaka 1966 alieleza kwamba ubora wa tiba unaweza kuchunguzwa kwa kutazama mambo matatu: muundo, yaani watu, majengo na vifaa, mchakato, yaani yale anayofanyiwa mgonjwa, na matokeo, yaani hali anayoondoka nayo. Nikawaambia wenzangu kwamba siku ile muundo haukuwa umepungukiwa na kitu ambacho mtoto yule alikihitaji. Artesuneti ilikuwa kabatini. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya malaria kali kwa zaidi ya asilimia 22 ikilinganishwa na kwinini. Lakini hakuna utafiti unaoweza kumfaa mtoto ambaye dawa inamsubiri ndani naye anaisubiri nje.

Aliyependekeza njia ya kuchunguza ni askari. Alisema kwamba yeye huona kila anayeingia na kila anayetoka, kwa hiyo angeweza kuandika saa ya kuingia pembeni mwa ukurasa wa daftari, na kila mahali mgonjwa anapopita nao waandike saa zao. Ndivyo tulivyofanya, kila mmoja akitazama simu yake.

Kabla ya kuanza, karibu sote tuliamini kwamba foleni ndefu ni ile ya kumwona tabibu mara ya kwanza. Saa zilizoandikwa zilisema vingine. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji dakika 15 hadi 20 tu, lakini kati ya majibu kuandikwa na mgonjwa kuitwa tena zilipita saa mbili na zaidi, kwa sababu kila daftari lililotoka maabara liliwekwa chini ya rundo, nyuma ya wote waliofika baadaye. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo, ilijiunda yenyewe.

Dawa yake haikugharimu fedha. Tuliweka boksi la pili mezani kwa madaftari ya waliokwisha kupimwa, na tabibu akawa anachukua moja huku na moja kule. Kisha tukapanga kwamba muuguzi mmoja apite kwenye benchi tangu milango inapofunguliwa, akimuuliza kila mwenye mtoto mdogo maswali manne: je, amepata degedege, ameshindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea kiasi cha kutoamka? Jibu moja la ndiyo lilimwingiza mtoto moja kwa moja.

Hili la pili lilileta manung'uniko. Mzee mmoja aliyefika alfajiri aliniuliza kwa hasira kwa nini mwanamke aliyekuja nyuma yake anaingia kwanza, na naona alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kwa mtu aliyeamka usiku na kutembea, zamu ndiyo heshima pekee anayopewa na kituo. Nilimwonyesha mtoto. Alimtazama, akasogea kuwapisha. Tangu siku hiyo tukaanza kutangaza utaratibu huo kila asubuhi, kwa Kiswahili na lugha nyingine tulizoweza, kabla mtu hajalazimika kuuliza.

Saa ziliendelea kuandikwa, na muda wa kusubiri baada ya kipimo ukapungua sana. Ulipanda tena mtaalamu wa maabara alipokwenda likizo. Tulibishana karibu wiki nzima kama wauguzi wapime malaria wenyewe palepale benchini, wengine wakihofia kazi kuongezeka, hofu ambayo ilikuwa na msingi. Mwishowe mkuu wa kituo alimwomba mtaalamu yule, aliporudi, atufundishe kutoboa kidole, kuhesabu dakika na kusoma mistari ya kipimo, akabaki na wajibu wa kukagua kazi yetu kila Ijumaa.