Mifupa na Mawe ya Tendaguru

Kutoka Lindi mjini hadi kilima cha Tendaguru ni kama kilomita 60 kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa lami ni kitu kidogo, ila huku lami haifiki. Bodaboda zilitusogeza mpaka mchanga ulipozishinda, kisha tukamfuata kwa miguu mzee mwenyeji, panga mkono mmoja, kidumu cha maji mkono wa pili.

Wengi wanaijua Tendaguru kwa sababu ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wajerumani walichimba hapa kuanzia 1909 hadi 1913. Msimamizi wao mkuu wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani, na tani zaidi ya 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Ukishaonja lile jua ndipo unapoielewa hesabu hiyo.

Juu ya kilima ni nyasi, vichaka na mawe. Mawe tele! Mwenzangu hakukawia kuokota moja la duara, laini, limechongoka kidogo upande mmoja.

"Mzee, hili si yai la mjusi?"

"Yai hilo utalikaanga lini, mjukuu wangu?"

Akamwonyesha jingine la aina ile lililokwisha kupasuka. Ndani ni lile lile la nje, limeshikana mpaka katikati. Mawe ya namna hiyo hujijenga yenyewe ardhini: maji yanapita kwenye mchanga, yanaacha chokaa kidogo kidogo kuzunguka kitu fulani, hata kijipande cha kombe, mwisho linatokea duara zuri la kudanganya watu.

Kisha akainama, akaokota kipande kibaya, hakizidi kidole gumba. Mimi ningekipita. Nje kilikuwa na ganda gumu lenye mistari myembamba inayofuata urefu wake. Mahali kilipovunjika palikuwa na vijitundu vingi kama mkate wa kumimina, vingine vimezibwa na madini yanayometameta. Huo ndio mfupa, wa miaka milioni 150 hivi. Umbo halikusema chochote, kilichosema ni ule mvunjiko.

Kuna wanaogusisha ulimi: ukinata, ni mfupa. Mimi kipimo hicho sikiamini sana, maana udongo wa mfinyanzi nao hunata, na mfupa uliojaa madini unaweza usinate kabisa.

Makombe ni rahisi zaidi, hasa kwa mtu wa pwani. Hapa Tendaguru yapo ya Trigonia, mnyama wa bahari wa kale mwenye kombe mbili zilizoungana kwa bawaba, kwa kuwa bahari ilifika hapa, ikarudi, ikafika tena. Matuta ya kombe yamepangana kwa utaratibu, yakipanuka kadiri yanavyoachana na bawaba. Mikunjo ya jiwe la kawaida haina mpango huo.

Mzee alikirudisha kipande chake palepale, upande uleule juu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchukua bila kibali, na mfupa ukishatolewa kwenye tabaka lake nusu ya habari zake imepotea.

Wakati wa kushuka mwenzangu alikuwa anageuza kila jiwe kutafuta lilipovunjika. Mzee akatazama jua, akatutazama sisi. "Mkienda hivi, wajukuu zangu, bodaboda mtazikuta zimekwisha ondoka."